Analaiza ya oksijeni kiwandani: maswali mnayouliza kuhusu mawasiliano yake na usalama wa kuishika

Maswali haya yametoka kwa mafundi wa boila, wa viwanda vya simiti na sukari, na wale wanaotunza mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini. Wengi hupiga simu wakiwa juu ya jukwaa la dohani, mita mkononi, msimamizi wa zamu akiwaharakisha kutoka chini. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu kwenye simu. Na jambo moja mtaliona likijirudia, kwa sababu ndilo ninalotaka kila fundi kijana alishike: kabla hujauliza analaiza inasoma ngapi, uliza itasoma ngapi siku ikiharibika.

Analaiza inatofautiana vipi na kile kidude cha gesi cha kuvaa kifuani?

Analaiza imefungwa mahali pamoja na inapima gesi ya mtambo: moshi wa boila, hewa ya ndani ya tangi, gesi inayotoka kwenye mashine ya oksijeni. Namba yake inakwenda kwenye mitambo ya udhibiti. Kidude cha kifuani kinapima hewa unayoivuta wewe. Kazi ya kimoja haifanywi na kingine, na mwishoni nitaeleza kwa nini.

Ndani yake kuna nini?

Inategemea aina. Inayoonekana zaidi kwenye boila na matanuri ni ya zirkonia, yaani kigae cha oksidi ya zirkoni kilichochanganywa na itria. Kikipashwa hadi nyuzi 700 hivi za Selsiasi na zaidi, kinapitisha ayoni za oksijeni na kutoa volti ndogo kulingana na tofauti ya oksijeni kati ya upande wa moshi na upande wa hewa safi. Hesabu yake ni ya Mjerumani Walther Nernst. Kwenye nyuzi 727, moshi wenye oksijeni asilimia 2 unatoa takriban milivolti 51, wenye asilimia 1 takriban milivolti 66. Hewa safi ikiwa pande zote mbili, inatoa sifuri. Hiyo sifuri iweke akilini, tutairudia.

Aina ya pili inatumia sumaku. Oksijeni huvutwa na sumaku, wakati karibu gesi zote nyingine za kiwandani hazivutwi. Mwanakemia Mmarekani Linus Pauling alitumia tabia hiyo mwaka 1940 kuunda kipimo cha oksijeni, jeshi la majini la Marekani lilipohitaji kujua hali ya hewa ndani ya nyambizi.

Aina ya tatu ni sensa ya kemikali, ambayo ni ndugu wa betri. Ndani yake kuna madini ya risasi na maji makali, mara nyingi ya potasiamu hidroksidi. Oksijeni ikiingia inaila risasi na kuzalisha mkondo mdogo wa umeme. Risasi ikiisha, sensa imekufa. Kwa kawaida inadumu mwaka mmoja hadi mitatu, na umri huo unaanza kuhesabiwa ukifungua pakiti yake, hata kama umeiweka tu kabatini.

Ya nne ni ya leza, yenye mwanga wa takriban nanomita 760 ambao oksijeni huumeza. Inapima bila kugusa gesi. Ni ghali.

Kwa nini kila mara unauliza namna inavyoharibika?

Kwa sababu aina hizi haziharibiki kwa kuelekea upande mmoja, na hilo ndilo linaloumiza watu.

Chukua zirkonia. Waya wa sensa ukikatika, volti inakuwa sifuri. Na sifuri, tumeshaona, maana yake ni hewa safi, asilimia 20.9. Kigae kikipata ufa, hewa ya nje inavuja kuingia upande wa moshi na namba inapanda vilevile. Kwa hiyo zirkonia mbovu hupenda kudai kwamba oksijeni ni nyingi. Sasa ifikirie iko kwenye boila inayojirekebisha hewa yenyewe: mtambo utaona hewa imezidi, utapunguza feni, moto utakosa hewa, moshi utajaa kaboni monoksidi na mafuta yasiyoungua. Hapo hatua ya mlipuko si ndefu.

Chukua sensa ya kemikali. Waya ukikatika, mkondo ni sifuri, na sifuri hapa maana yake ni kwamba oksijeni haipo. Kwenye tangi la vimiminika vya kuyeyushia linalolindwa kwa naitrojeni, hiyo ndiyo namba ambayo kila mtu anataka kuiona. Taa ni ya kijani, ripoti ni nzuri, na huku hewa inaingia kwenye mvuke unaoweza kulipuka.

Kwa hiyo chora jedwali lako dogo kabla ya kufunga waya wowote. Kwenye boila, uongo wa hatari ni ule wa kusema oksijeni ni nyingi. Kwenye tangi la naitrojeni, ni ule wa kusema ni kidogo. Kwenye mtambo wa oksijeni ya hospitali, ambako gesi inatakiwa iwe kati ya asilimia 90 na 96, uongo wa hatari ni kusema 93 wakati wodini inakwenda 80. Ukishajua uongo unaouogopa, ndipo unachagua analaiza, ndipo unachagua njia ya mawasiliano, ndipo unapanga kengele.

Miliampea 4 hadi 20 si teknolojia ya wazee? Bado tuitumie?

Itumieni, na kwa moyo wote. Kipimo kinatumwa kama mkondo wa umeme kwenye waya, na uzuri wake uko kwenye ile 4. Asilimia sifuri ya oksijeni inatumwa kama miliampea 4, si kama sifuri, kwa hiyo waya ukikatika au umeme ukizimika mkondo unashuka hadi sifuri na PLC, yaani kompyuta inayoendesha mitambo, inajua mara moja kwamba hiki si kipimo, ni msiba. Mwongozo wa NAMUR NE 43 umeweka mipaka ambayo watengenezaji wengi wanaifuata: kipimo halali kinakaa kati ya miliampea 3.8 na 20.5, na kifaa kikijijua kinaumwa kinatuma 3.6 au chini, ama 21 au zaidi.

Lakini hapo pana kazi mbili ambazo mara nyingi hazifanywi. Ya kwanza, kwenye analaiza uchague ikiumwa itume chini au juu. Ya pili, kwenye PLC uandike kwamba mkondo wa namna hiyo ni hitilafu. Nimekuta mahali analaiza inatuma 21 kwa uaminifu kabisa, na programu ya PLC inaisoma kama oksijeni imejaa. Kifaa kilipiga kelele, aliyepaswa kusikia hakufundishwa lugha yake.

Skrini ya analaiza inaonyesha 3, chumba cha udhibiti wanaona 7.5. Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya, hamjakubaliana kipimo. Analaiza imewekwa 0 hadi 10, PLC imewekwa 0 hadi 25. Asilimia 3 kwenye mizani ya 10 ni miliampea 8.8. Miliampea 8.8 kwenye mizani ya 25 ni asilimia 7.5. Opereta akiona 7.5 atapunguza hewa, na akifanikiwa kuishusha hadi 3 kwenye skrini yake, ndani ya boila itakuwa imebaki 1.2. Hii ni moja ya ajali rahisi sana kuzuia: baada ya kila badiliko, tuma mkondo wa majaribio wa 4, 12 na 20 kutoka kwenye menyu ya analaiza, na mwenzako akusomee anachokiona upande wa pili. Msisomeane miliampea peke yake. Someaneni asilimia.

HART inanisaidia nini kama tayari nina waya wa miliampea?

HART ni njia ya kutuma data ya kidijitali, na inatumia waya uleule. Juu ya mkondo wa kawaida inapakia mawimbi madogo ya hezi 1200 na 2200, yanayobeba data bila kuvuruga kipimo. Ukichomeka kikomunikata au modemu yenye laptopu, unaona yaliyojificha: milivolti ya kigae, joto la hita, ukinzani wa sensa, tarehe ya kalibresheni iliyopita, yaani siku kipimo kiliposahihishwa kwa gesi inayojulikana. Ukinzani wa kigae ukipanda mwezi hadi mwezi, sensa inazeeka, na una muda wa kuagiza nyingine kabla haijafa usiku wa Jumapili.

Ikigoma kuwasiliana, kabla ya kulaumu kifaa pima ukinzani wa lupu, yaani mzunguko mzima wa waya huo. HART inahitaji takriban omu 250. Kadi nyingi za PLC zinao tayari ndani. Zisipokuwa nao, weka rezista.

Nimeunganisha Modbus lakini napata namba za ajabu kabisa.

Pole, hapa wengi wamekwama siku nzima. Modbus ni lugha ya kidijitali ya vifaa vya kiwandani. Ilitengenezwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na inabeba rejista, yaani visanduku vya namba, za biti 16 tu. Namba yenye nukta, kama 20.9, inahitaji rejista mbili, na kila mtengenezaji anaamua ipi itangulie.

Fanya hivi. Ipe analaiza hewa kavu hadi skrini yake isome 20.9 iliyotulia. Kisha soma zile rejista mbili kama namba nzima za kawaida. Ukiona moja ni karibu na 16807 na nyingine ni yoyote ile, uko mahali sahihi: 20.9 kamili inaandikwa 16807 na 13107. Ikiwa 16807 imekuja ya pili, ziambie programu zako zigeuze mpangilio. Ikiwa haipo kabisa, sogea rejista moja mbele au nyuma, kwa sababu mwongozo unaoandika 40001 mara nyingi unamaanisha anwani 0 kwenye waya.

Lililo kubwa kuliko hayo ni hili. Kwenye miliampea, waya ukikatika mkondo unakufa. Kwenye Modbus, waya ukikatika PLC nyingi zinabaki zimeshika namba ya mwisho. Opereta ataona 3.1 saa nne, 3.1 saa sita, 3.1 saa nane, na atasifu boila kwa utulivu. Kwa hiyo usisome oksijeni peke yake. Soma pia rejista ya hali ya kifaa, na uandike kwenye programu kwamba mawasiliano yakikosekana kwa sekunde kadhaa, namba ifutwe kwenye skrini na kengele ilie. Bila hilo, kazi ya Modbus haijaisha, hata kama mteja ameshasaini.

Waya wa RS-485 unapitaje?

RS-485 ni waya ambao Modbus mara nyingi hupita juu yake. Unapita kama shanga kwenye uzi: kifaa hadi kifaa. Usiutawanye kama matawi ya mti. Weka rezista ya omu 120 kwenye ncha mbili za mwisho, si katikati. Umbali hadi mita 1200 unawezekana kwa kasi ndogo, na vifaa 32 vya kawaida kwenye mstari mmoja. Herufi A na B za nyaya zake mbili watengenezaji wanazipa maana tofauti, kwa hiyo kama hakuna jibu, badilisha nyaya hizo mbili kabla ya kufungua kitu kingine, haziungui. Kinga ya kebo ishikishwe ethi upande mmoja.

Kwa walio kando ya Ziwa Viktoria, ambako radi hazina mchezo: tumieni vitenganishi vya umeme na vizuia-mshtuko pande zote mbili kila kebo inapotoka jengo moja kwenda jingine. Ikiwezekana, wekeni kebo ya mwanga. Dohani ndiyo kitu kirefu kuliko vyote pale kiwandani, na analaiza yako iko juu yake.

Yetu ina tundu la Etheneti. Naweza kuiona kwenye simu nikiwa nyumbani?

Inawezekana, na mimi nakuomba usiunganishe moja kwa moja. Modbus ya Etheneti, inayopita mlango namba 502, haina nywila wala usimbaji. Yeyote anayeufikia mtandao huo anaweza kusoma, na kwenye vifaa vingi anaweza pia kuandika, yaani kubadili mizani au kuzima kengele. Mtandao wa mitambo utengwe na ule wa ofisi na wa wageni. Kama meneja anataka namba kwenye simu yake, PLC au kompyuta ya kumbukumbu impelekee nakala ya kusoma tu, nyuma ya firewoli.

Njia nyingine za kidijitali, kama Profibus na Foundation Fieldbus?

Tumia ile ambayo chumba chako cha udhibiti tayari kinaijua na fundi wenu wa zamu ya usiku anaweza kuitibu. Basi.

Basi kwa kuzima mtambo wakati wa hatari, nitumie njia ipi?

Waya wake wenyewe. Ama miliampea 4 hadi 20 yenye mipaka ya hitilafu, ama mguso wa relei uliopangwa hivi: relei inashikiliwa na umeme wakati mambo ni mazuri, inaachia wakati wa kengele. Hivyo umeme ukizimika, waya ukikatika au fyuzi ikiungua, matokeo ni yaleyale ya kengele. Baadhi ya analaiza hutoka kiwandani relei zikiwa zimepangwa kinyume, kwa hiyo hakikisha mwenyewe. Njia za kidijitali zitumike kwa taarifa za ziada, grafu na matengenezo.

Naweza kukalibreti boila ikiwa inafanya kazi?

Ndiyo, na ndivyo inavyofanyika kila siku. Lakini sikiliza lililonipata nikiwa bado kijana wa kazi. Nilipanda na mtungi wa gesi ya asilimia 8, nikafungua vali, nikawa naangalia skrini ya analaiza ikipanda vizuri. Sikuwa nimemwambia mtu. Huku chini, mtambo uliona oksijeni imeruka kutoka 3 hadi 8 na ukaanza kuibana feni. Nilishtuliwa na moshi mweusi juu ya kichwa changu na sauti ya mzee wa zamu aliyekuwa akikimbia ngazini. Alifunga ule mtungi kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasimama kimya, anahema. Hakunitukana. Aliniuliza, "Mwanangu, unajua kulikuwa na watu wangapi chini?" Kumi na mmoja.

Tangu hapo utaratibu wangu hauna njia ya mkato. Kibali cha kazi. Simu au redio kwa chumba cha udhibiti, na kusubiri jibu la maneno, "tumeweka kwa mkono." Kisha kuigandisha namba inayotoka kwenye analaiza, kama ina uwezo huo. Ndipo gesi. Baada ya kumaliza, kusubiri kipimo kirudi kwenye moshi halisi na kutulia, ndipo kuwaambia warudishe mtambo ujiendeshe. Kwenye daftari naandika ilisoma ngapi kabla ya kurekebisha, si baada tu. Ile ya kabla ndiyo inayosema sensa inazeeka kwa kasi gani.

Kwa kukalibreti sifuri, nitumie naitrojeni safi?

Kwa sumaku na kwa sensa ya kemikali, sawa. Kwa zirkonia, hapana. Hesabu yake ni ya logi, na logi ya sifuri haipo. Itakupa namba inayoyumba tu. Tumia mchanganyiko wenye oksijeni kidogo inayojulikana, kwa mfano asilimia 0.4 au 2 ndani ya naitrojeni, na kasi ya gesi iwe ile ya mwongozo. Gesi ikipita kwa nguvu sana inakipoza kigae na namba inapinda.

Tuliipima Dar, ikasoma 20.9. Imefika Nairobi inasoma 17. Imevunjika njiani?

Haijavunjika. Asilimia ya oksijeni Nairobi ni ileile ya Dar, lakini mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari na kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 82, wakati pwani ni 101. Sensa ya kemikali na ya sumaku zinahesabu molekuli zinazozifikia, si asilimia, kwa hiyo isipokuwa na fidia ya kanieneo itasoma kama 17. Ikalibreti upya ulipoifunga. Hata Mbeya na Iringa ni vivyo hivyo. Zirkonia haina tatizo hili ikiwa hewa yake ya kulinganishia iko kwenye kanieneo ileile ya moshi, maana inalinganisha pande mbili.

Na kwa wa pwani: hewa ya nje si 20.9. Siku ya nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, mvuke wa maji unachukua nafasi ya asilimia 3 na ushei, na oksijeni halisi inabaki karibu 20.2. Ukikalibreti kwa hewa ya dirishani ukaandika 20.9, umeanza na kosa. Tumia hewa kavu ya mitambo, isiyo na mafuta.

Mvuke huohuo ndio chanzo cha ugomvi kati ya zirkonia iliyo ndani ya dohani na analaiza inayovuta moshi, kuupoza na kuukausha. Moshi ukiwa na mvuke asilimia 20, jambo la kawaida ukichoma makapi ya miwa yaliyolowa, kinachosomwa 5 kwenye moshi mkavu kinasomwa 4 kwenye moshi mbichi. Zote mbili ni kweli. Andikeni kwenye lebo: kavu au mbichi.

Nachomoaje probu yenye moto?

Probu ni ule mkono wenye kigae unaoingia ndani ya dohani. Ichomoe polepole, na si peke yako. Zima umeme wake, funga sakiti breka kwa kufuli lako mwenyewe na lebo yenye jina lako. Ndani ya kichwa cha probu kuna volti kamili za hita. Uliza chumba cha udhibiti kama tanuri linavuta au linasukuma. Likisukuma, ukilegeza flanji moshi wa moto utakutoka usoni, na ndani yake kuna kaboni monoksidi isiyo na harufu. Vaa kipima kaboni monoksidi, glavu za joto, kinga ya uso. Chomoa kidogo kidogo, kwa sababu kigae na mirija ya kauri hupasuka ikipoa ghafla, na usiilaze kwenye chuma kilicholowa mvua. Baadhi ya probu zina pamba ya kauri. Vumbi lake halifai mapafuni, kwa hiyo usilipulize kwa hewa ya kompresa.

Boila ikizimwa, niache hita ikiwaka?

Swali zuri, maana majibu mawili yanapingana. Ukizima hita kila boila inaposimama, mvuke wenye asidi unaganda kwenye kigae na kukila, na kupoa na kupashwa mara kwa mara kunakichosha. Kwa hiyo kusimama kwa muda mfupi, iache. Lakini kigae cha nyuzi 700 ni kiberiti. Moto ukizimika ghafla na kuna uwezekano wa gesi au mafuta kujikusanya ndani ya tanuri, hita inatakiwa ikatwe yenyewe kwa mnyororo wa usalama wa boila, na isiwashwe mpaka tanuri lipulizwe hewa. Kwa viwanda vya Dar vinavyochoma gesi ya Songo Songo ninalisema hili kwa msisitizo. Kuna probu zenye kizuia-moto mbele ya kigae, agizeni hizo, na msikubali mtu akitoe kwa sababu "kinachelewesha kipimo."

Kukatika kwa umeme kwa dakika mbili mbili ndiko kunakoua hita nyingi. UPS ndogo ni rahisi kuliko probu mpya. Na umeme ukirudi, namba za mwanzo msiziamini hadi hita ifikie joto lake. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi.

Sensa imevuja maji, nayafuta tu?

Yale ni maji ya magadi makali, au asidi kwa aina nyingine. Yanateleza kama sabuni kwa sababu yanaila ngozi. Glavu na miwani kwanza. Yakigusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka; yakiingia jichoni, osha angalau dakika 15 bila kukatiza, kisha hospitali, hata kama maumivu yameisha. Usiifungue sensa kuona kilichomo. Ina risasi, kwa hiyo haitupwi na taka za kawaida wala kuchomwa. Iende na betri chakavu.

Kwenye mtambo wa oksijeni, naweza kupaka grisi kidogo nati zifunguke?

Hapana. Hata kidogo. Hata mafuta ya mikono uliyojipaka asubuhi. Kwenye oksijeni nyingi, grisi inawaka kwa cheche ndogo au kwa joto la gesi iliyobanwa ghafla, na chuma chenyewe kinaweza kuungua. Tumia viunganishi na utepe vilivyosafishwa kwa kazi ya oksijeni, fungua vali polepole, na vifaa vyako vya kazi visiwe vile vya gereji. Chumba kikizidi asilimia 23 kimeshakuwa hatari. Nguo zikilowa oksijeni hushika moto haraka, kwa hiyo toka nje uzipunge hewa kwa robo saa kabla ya kukaribia moto wowote.

Silikoni ya kuzibia inafaa kwenye flanji?

Haifai kwa zirkonia. Mvuke wake unaifunika platinamu iliyo juu ya kigae na kuiua. Tumia gasketi ya joto.

Nina analaiza nzuri ya kubebeka. Naweza kuitumia kuruhusu watu waingie tangini?

Usiitumie kwa hilo. Tuseme inasoma 19.5, kiwango ambacho wengi wanakiita mwisho wa usalama. Kushuka kutoka 20.9 hadi 19.5 kunaonekana kidogo, lakini maana yake karibu asilimia 6.7 ya hewa yote imesukumwa na gesi nyingine. Hiyo ni sehemu 67,000 kwa milioni. Ikiwa ni naitrojeni, utapona. Ikiwa ni kaboni dioksidi kutoka kwenye molasi inayochacha, umeshapita sehemu 40,000, kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari kwa uhai papo hapo. Ikiwa ni kaboni monoksidi, umekwisha. Namba ya oksijeni peke yake haikuambii ni ipi. Kinatakiwa kipima gesi nyingi, kilichojaribiwa siku hiyo, na kipimo kichukuliwe juu, katikati na chini kabla ya mtu kuingia na wakati wote akiwa ndani.

Na kwenye chumba cha analaiza chenye mitungi ya naitrojeni, je?

Kiwe na dirisha au feni, na kipima oksijeni cha ukutani chenye kengele inayosikika nje ya mlango. Mitungi ifungwe minyororo. Naitrojeni haina harufu, na mwili haukusaidii: kinachotufanya tuhisi kukabwa ni kaboni dioksidi kujaa mwilini, si oksijeni kupungua. Kwenye naitrojeni unaendelea kupumua kwa raha, na pumzi mbili tatu za hewa isiyo na oksijeni zinatosha kukuangusha bila onyo.

Ukimkuta mwenzako amelala chini humo, usiingie. Najua ni ndugu yako, najua miguu itataka kwenda. Vifo vingi vya namna hii ni vya aliyefuata kuokoa. Piga kelele, fungua mlango na feni, funga vali kuu kama iko nje, ita kikosi chenye mitungi ya kupumulia. Kama alivaa mkanda wenye kamba, mvute kutoka nje.